Familia ya Misheni Kijijini: Mwaka wa Kwanza ni wa Nyumba

Familia nyingi zinazotumwa misheni vijijini huandaliwa kuhubiri na kufundisha, halafu hurudi mjini kabla ya muda kwa mambo ambayo hayakugusiwa kwenye semina hata moja: maji, homa za watoto, ada za shule, lugha, na mama aliyechoka. Kwa kila familia inayojiandaa kwenda nina ushauri mmoja: mwaka wa kwanza uwe wa nyumba. Msianze na ujenzi wa kanisa wala mikutano ya injili. Wekeni nyumba sawa, jifunzeni lugha, juaneni na majirani, kazi nyingine ifuate. Siwaambii hivi wageni kutoka Ulaya au Marekani peke yao. Leo mmisionari anaweza kuwa mwinjilisti wa Makete aliyepangiwa Kigoma, au familia ya Nairobi iliyopelekwa Turkana, na huko wote ni wageni.

Historia ya misheni imejaa makaburi yanayofundisha jambo hili. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga kwa homa. David Livingstone aliona maisha ya safari hayawezekani kwa familia yake, akawapandisha mkewe Mary na watoto meli ya kwenda Uingereza mwaka 1852. Mary aliporudi Afrika kumfuata, alifariki Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Kule Linyanti, mwaka 1860, msafara wa familia za Helmore na Price ulipoteza watu wazima na watoto ndani ya miezi michache tu, kazi ikafa kabla ya kuanza. Mtu atasema hao walikosa dawa na maarifa, kwani hadi mwaka 1897 Ronald Ross alipothibitisha kazi ya mbu hakuna aliyejua kwa hakika malaria inaenezwaje. Ni kweli. Lakini dawa haijitumii yenyewe. Chandarua chenye dawa kinamlinda mtoto kikichomekwa chini ya godoro pande zote kabla ya giza kuingia, na si kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda kwa sababu baba yuko safarini na mama bado yuko foleni ya maji. Tena aliyekulia kwenye baridi ya Makete hana kinga ya malaria aliyojijengea mwenyeji wa ukanda wa ziwa. Mtoto wake akichemka mwili, apelekwe zahanati akapimwe siku hiyohiyo, na akipewa dawa mseto amalize dozi yote hata kama siku ya pili ameshaanza kucheza.

Maji nayo ndiyo hupanga ratiba ya nyumba. Kabla ya kununua spika za mahubiri, nunueni mabati, mifereji na simtanki. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni imwagike chini, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa, ndipo mkinge. Ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kweli, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Hata mkiwa na tangi, nendeni kisimani mara kwa mara. Pale kwenye foleni ya ndoo ndipo mama anapojua nani amejifungua, nani ana msiba, na mkunga gani anaaminika. Anayejichimbia kisima ndani ya uzio wake atapata maji, lakini atazikosa habari hizo, na kijiji kitamwona tajiri aliyejitenga.

Hapo ndipo suala la gari linapoingia. Siku moja baada ya kufika, gari la misheni linageuka kuwa la wagonjwa, la kubeba jeneza na la kupeleka mahindi mnadani. Kukataa kila ombi ni ukatili, na kukubali kila ombi ni kuangusha gari na ndoa pamoja. Msiamue peke yenu usiku mlango unapogongwa. Katika miezi ya mwanzo kaeni na mtendaji wa kijiji na wazee, mkubaliane hadharani: mama mwenye uchungu na mgonjwa mahututi wanabebwa saa yoyote, mengine kwa utaratibu, na mafuta yanachangiwa. Kanuni iliyotoka kwa wazee haimchukizi mtu. Inayotoka kwa mgeni huitwa uchoyo.

Lugha ni sehemu ya nyumba vilevile. Kiswahili kitawatosha shuleni na kwenye ofisi ya kijiji, lakini Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na bibi mzee hasimulii uchungu wake kwa lugha ya ofisini. Kosa la kawaida ni baba kutafutiwa mwalimu wa lugha huku mama akiachiwa jiko. Ni mama anayebaki kijijini baba akizunguka mitaa, kwa hiyo apewe saa za kujifunza kabla yake. Kuhusu watoto, naona madarasa ya chini wasome na wenzao shule ya kijiji, jioni waongezewe vitabu nyumbani chini ya taa ya sola. Wapo wanaopinga kwamba watoto hawakuitwa misheni, hivyo si haki kuwanyima shule nzuri. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu shule ya bweni ya Kijabe, Kenya, ilianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Bweni lina nafasi yake mtoto akishakua. Cha muhimu ni uamuzi na ada vikubaliwe na kanisa linalotuma kabla ya safari, wala visisubiri mtoto afike darasa la saba.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la kiroho: watu wanapotea, nasi tupoteze mwaka kwa ndoo na vyandarua? Namjibu anayeuliza hivyo kwa mfano wa Robert na Mary Moffat wa Kuruman, Afrika Kusini. Walichimba mifereji ya maji, wakalima bustani, wakajifunza Kitswana, na miaka ilipita kabla hawajaona waumini wa kwanza. Lakini Biblia nzima ya Kitswana ilikamilika mwaka 1857, nao hawakuondoka mpaka 1870. Aliyekimbilia mimbari na kurudi kwao baada ya miezi minane hakuokoa muda wowote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makanisa yanayotuma. Msipime mwaka wa kwanza kwa idadi ya waliobatizwa. Katika taarifa ulizeni mama amefika wapi na lugha, watoto wameugua mara ngapi, na familia imehudhuria misiba mingapi. Na kabla ya kusaini barua ya kumtuma baba, mwiteni mama mumsikilize peke yake, kwa sababu jina lake halimo kwenye barua hiyo lakini nusu ya kazi ni yake.