Kuotesha miche kwenye vikopo

Mwanzoni tulisia mbegu za nyanya moja kwa moja kwenye magunia. Mvua ilizifukia, na miche michache iliyoota ililiwa na kuku. Fedha ya mbegu ikapotea. Sasa tunaanza na vikopo vidogo.

Toboa kikopo chini ili maji yasituame. Jaza udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva. Weka mbegu 2 kwa kina cha sentimita 1, kisha mwagilia taratibu. Zikiota, bakiza mche wenye nguvu.

Baada ya wiki 4 hadi 6, uzoeshe mche jua kali kidogo kidogo. Uhamishie kwenye gunia jioni, pamoja na udongo wake, bila kukata mizizi.

Mungu ndiye anayekuza, lakini kutunza ni kazi yetu.