Jeraha la Vita na Pumzi Inayosimama Usingizini

Labda wewe ulikuwa askari, ukarudi nyumbani Kisangani na mguu mmoja. Sasa mke wako anasema kwamba usiku unakoroma sana, kisha unanyamaza kama mfu, halafu unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mchana unasinzia hata ibadani. Jirani watasema umerogwa. Wengine watasema ni malale, na hilo si neno la upumbavu, maana malale iliua watu wengi kando ya mto huu, na waganga wa Yakusu walipigana nayo miaka mingi. Basi upimwe damu kwanza. Lakini malale huletwa na mbung'o. Ugonjwa ninaoueleza hapa hauletwi na mdudu.

Tunapolala, nyama za koo hulegea. Shingo ikiwa nene, njia ya hewa huziba, na pumzi husimama sekunde 10 au zaidi, tena na tena, pengine mara 30 katika saa moja. Moyo huchoka na shinikizo la damu hupanda.

Utauliza, koo na mguu vina undugu gani? Sikiliza. Mtu aliyekatwa mguu haendi tena shambani. Anakaa kitini, anakula fufu yake kama zamani, mwili unanenepa, na mafuta yanabana koo. Hivyo jeraha limezaa ugonjwa wa pili. Marekani, askari wa zamani huomba malipo ya ulemavu kwa njia hiyo hiyo. Huko unene peke yake haulipiwi, lakini tangu mwaka 2017 umekubaliwa kuwa daraja kati ya jeraha na ugonjwa.

Kwetu, mambo ya mwanajeshi yamo katika Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013. Raia aliyejeruhiwa hapa mjini katika Vita vya Siku Sita, Juni 2000, aulize FRIVAO, mfuko ulioundwa mwaka 2019 kwa ajili ya fidia ya Uganda. Mahakama ya La Haye iliamuru mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325. Siwezi kukuahidi kwamba ugonjwa wa pili utakubaliwa. Lakini bila karatasi, hakuna atakayeuliza habari zake.

Tafuta cheti cha jeraha la kwanza, chenye tarehe. Tafuta cheti cha ugonjwa wa sasa. Halafu, na hii ndiyo watu husahau, umwombe mganga barua inayoonyesha jinsi cha kwanza kilivyozaa cha pili: uzito wako wakati ule, uzito wa leo, mwaka ulioanza kukoroma. Kama ulikoroma kabla ya vita, sema hivyo. Mganga asiandike asilolijua, hata ukimlilia. Huo ni ushuhuda wa uongo, na karatasi moja ya uongo huwaharibia wenzako wote.

Wala usingoje fedha ndipo ujitunze. Lala ubavu, si chali. Acha lotoko, na vidonge vya usingizi usivimeze bila mganga. Punguza chakula cha jioni, fanyisha mikono kazi. Ukisinzia mchana, usiendeshe pikipiki yenye abiria.

Unapokuja hospitali, njoo na mke wako. Kabla ya hapo akeshe usiku mmoja na saa mkononi, ahesabu pumzi inasimama mara ngapi na kwa muda gani, aandike. Yeye ameona usiku yale ambayo wewe hukuyaona.