Kuwapiga Picha Mafundi wa Notre-Dame

Kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, lilipoungua jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, kila mwenye kamera aliielekeza kwenye ndimi za moto. Lakini kazi ya kulitengeneza ilidumu miaka mitano na zaidi, hata milango ikafunguliwa tena tarehe 7 Desemba 2024. Na katika muda huo wapiga picha waliodumu pamoja na mafundi walikuwa wachache. Mmojawapo ni Mfaransa Patrick Zachmann. Twapenda leo kuitazama kazi yao, maana si nyepesi kama wengi wadhanivyo.

Kabla ya moto palikuwapo jukwaa la mabomba ya chuma, lililosimamishwa kwa ajili ya kutengeneza mnara. Moto uliyapinda na kuyashikamanisha mabomba hayo, vipande 40,000 hivi, tani zipatazo 200. Mwaka 2020 mafundi wakaning'inia kwa kamba, wakayakata kipande kwa kipande. Mpiga picha afanyeje hapo? Asimwite fundi ageuke, wala asimmulike kwa taa machoni. Mtu yule ameshika msumeno, na chini yake ni shimo. Sharti angoje. Tena vumbi la risasi kutoka paa lililoyeyuka lilikuwa hatari, hata ikawapasa watu kubadili nguo na kuoga watokapo kazini.

Wakaja maseremala. Boriti za mwaloni zilichongwa kwa shoka, kama ilivyofanywa katika karne ya 13. Ukipiga uso peke yake, umepata mtu atokaye jasho, basi. Ukipiga shoka peke yake, umepata chombo. Yafaa kusimama ubavuni, karibu, hata yaonekane pamoja jicho, mikono, makali ya shoka na mti wenyewe. Hapo mtazamaji atafahamu kwamba fundi afuata nyuzi za mti, wala hapigi ovyo.

Wako wasemao kwamba picha hizo ni pambo tu. Sisi hatukubali. Mwaka 2014 wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux waliipima na kuichora kenchi ile ya kale, na michoro yao ikawafaa sana mafundi baada ya moto. Lakini mchoro huonyesha boriti ilipokaa. Hauonyeshi jinsi mkono ulivyoshika shoka. Picha tatu nne zilizofuatana zaweza kuonyesha hilo.

Liko na jambo la majina. Mto Arno ulipofurika mjini Florence tarehe 4 Novemba 1966, vijana waliotoa vitabu matopeni walipigwa picha nyingi, lakini majina ya wengi wao hayakuandikwa. Maseremala wa kwanza wa Notre-Dame nao hatuwajui. Basi nyuma ya kila picha iandikwe tarehe, kazi iliyofanywa na jina la fundi, kwa ruhusa yake. Na nakala moja apewe yeye mwenyewe.