SOMO LA TAWI: KISANDUKU CHA USHURU WA BARABARA. Mashine ikikosea, nani alipe?



Wengi wetu hatuendeshi malori. Sisi tunachuma chai, tunakata miwa, tunasimamia mashine za nyuzi na za saruji. Kwa hiyo ndugu mmoja aweza kuuliza: habari za dereva mgeni anayelipa ushuru wa barabara huko Ulaya zinatuhusu nini?

Zinatuhusu. Kila mchumaji wa chai anaijua mizani. Anafika na kikapu, mizani inasema kilo ngapi, naye hulipwa kwa neno la mizani. Mizani ikiwa na kasoro, anayepungukiwa ni mchumaji. Dereva wa masafa marefu naye anayo mizani yake. Ni kisanduku kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele cha lori, nacho huhesabu njia aliyopita na fedha zinazodaiwa. Katika somo hili tutaona jinsi kisanduku hicho kinavyopatikana, kinavyosema, na jinsi kinavyoweza kumtia mfanyakazi katika deni ambalo si lake. Tutachukua mfano wa nchi ya Austria, kwa sababu utaratibu wake ni wa wazi na una mafunzo mengi kwetu.

1. KISANDUKU NI KITU GANI?

Austria iko katikati ya milima ya Alps. Malori yatokayo Ujerumani kwenda Italia hupita huko, hasa katika njia ya mlima Brenner. Madereva wengi katika njia hizo si raia wa Austria. Ni wafanyakazi wa kuajiriwa kutoka Poland, Romania, Lithuania, Uturuki na kwingineko.

Tangu tarehe 1 Januari 2004 kila gari lenye uzito unaoruhusiwa wa zaidi ya tani 3.5 hutozwa ushuru kwa kila kilomita linayokwenda katika barabara kuu za nchi hiyo. Anayesimamia kazi hiyo ni ASFINAG, shirika la barabara kuu ambalo ni mali ya serikali. Hakuna kizuizi cha kuteremshwa wala karani wa kupokea fedha dirishani. Juu ya barabara imewekwa mihimili ya chuma yenye mitambo ya mawimbi. Lori linapopita chini yake bila kusimama, mtambo huzungumza na kisanduku, na fedha hukatwa papo hapo. Kisanduku hicho huitwa GO-Box.

Nchi jirani yake, Ujerumani, ilianza utaratibu wa namna yake tarehe 1 Januari 2005, wenye chombo kinachofuata setilaiti. Kwa hiyo kwa miaka mingi dereva aliyevuka mipaka mitatu au minne alijikuta na visanduku kadhaa kiooni, kila kimoja na sheria zake. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2004, ukaliandika upya mwaka 2019, ili kuwe na kisanduku kimoja na mkataba mmoja kwa nchi nyingi. Leo makampuni makubwa yanavyo visanduku vya namna hiyo. Lakini dereva ambaye tajiri wake hakumwandalia kitu hukipata cha Austria pale pale njiani.

2. DEREVA MGENI HUKIPATAJE?

Kuwa mgeni si kizuizi. Gari la nchi yoyote lapewa kisanduku. Vituo vya kuvitolea viko kando ya barabara kuu na karibu na mipaka, aghalabu katika vituo vya petroli. Dereva hufanya hivi:

(a) Hufika kituoni kabla ya kuingia katika sehemu ya kulipia. Akiingia kwanza na kutafuta kisanduku baadaye, amekwisha kuvunja sheria.

(b) Huonyesha kadi ya gari. Humo karani hupata namba ya gari, nchi lilikoandikishwa na habari za ekseli zake.

(c) Huonyesha uthibitisho wa kiwango cha moshi wa injini. Injini chafu hulipa zaidi kwa kilomita. Asipokuwa na karatasi hiyo, gari huwekwa katika daraja la ghali hata kama ni jipya.

(d) Huchagua namna ya kulipa. Ya kwanza ni kulipa kabla: fedha huwekwa katika kisanduku, nazo hupungua kadiri ya mwendo. Ya pili ni kulipa baadaye: hesabu hupelekwa kwenye kadi ya mafuta au akaunti ya mwenye gari.

(e) Hulipa ada ndogo ya utengenezaji, hubandika kisanduku ndani ya kioo cha mbele kama alivyoelekezwa, na huchukua risiti.

Hapa tuangalie jambo moja. Kisanduku kimefungwa na namba ya gari moja tu. Hakiwezi kuhamishwa kwenda lori la pili, hata kama malori yote mawili ni ya tajiri mmoja. Dereva akiambiwa na msimamizi, "chukua kisanduku cha lori lile lililoharibika uende nacho", amepewa amri ya kuvunja sheria, na atakayekamatwa barabarani ni yeye.

3. LUGHA YA KISANDUKU

Kisanduku hakina maneno, kina milio.

Mlio mfupi mmoja: ushuru umekatwa.

Milio miwili: ushuru umekatwa, lakini kuna jambo la kuangalia. Pengine fedha zinakaribia kwisha, au kisanduku chatakiwa kupelekwa kituoni kikaguliwe.

Milio minne: ushuru haukukatwa.

Kimya: hakuna kilichofanyika, na ushuru haukukatwa.

Dereva akisikia milio minne au akapata kimya, bado anayo nafasi ya kujiokoa. Huenda kituoni na kulipa sehemu iliyosalia, kabla muda na umbali uliowekwa haujapita. Akipuuza na kusema "nitamwambia tajiri nikirudi", nafasi hiyo imepotea.

Lakini upo mtego mkubwa kuliko huo, nao ni wa ekseli. Ushuru hupanda kwa idadi ya ekseli: mbili, tatu, au nne na zaidi. Kisanduku hakiwezi kujua kwamba leo lori limefunga trela. Ni dereva anayebonyeza kitufe na kuweka idadi iliyo sahihi kabla ya kuondoka, na ekseli iliyoinuliwa isiguse chini nayo huhesabiwa.

Tuchukue mfano. Lori la ekseli mbili limelala yadini. Asubuhi limefungwa trela la ekseli mbili, zote zikawa nne. Dereva ameamka saa tisa usiku, amesaidia kupakia, ameondoka haraka, na kitufe kimebaki kwenye mbili. Akipita chini ya mhimili, kisanduku kinalia mara moja tu, kana kwamba mambo ni mazuri. Kinalia hivyo kwa sababu ushuru wa ekseli mbili umekatwa kweli. Ila mitambo ya ukaguzi iliyoko katika baadhi ya mihimili imelipiga lori picha na kulipima, nayo imeona ekseli nne. Dereva ameendelea na safari akiwa na amani moyoni, na huku kila mhimili unamwongezea kosa.

Fundisho letu la kwanza ni hili: mlio wa mashine si ushahidi kwamba mambo ni sawa. Mashine hujibu lile tu iliyoulizwa.

4. SHERIA INAMTAJA NANI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Sheria ya Austria ya ushuru wa barabara yasema kwamba wenye kudaiwa ushuru ni wawili: dereva na mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake. Wote wawili hudaiwa kwa pamoja, na mdai aweza kumshika yeyote kati yao kwa deni lote. Na inapofika kwenye adhabu ya kutolipa ipasavyo, sheria inamtaja dereva. Faini ni kuanzia euro 300 hadi euro 3,000. Mara nyingi mkosaji hupewa kwanza nafasi ya kulipa ushuru wa badala, ambao ni kiasi maalumu kilichowekwa, na akiulipa kwa wakati hashitakiwi.

Tufikiri pamoja. Nani mwenye lori? Tajiri. Nani mwenye mzigo na faida ya safari? Tajiri na wateja wake. Nani anayepaswa kujaza akaunti ili kisanduku kisikatae? Tajiri. Lakini nani aliyeko barabarani askari wa ukaguzi wanaposimamisha gari? Ni mfanyakazi, peke yake, katika nchi ya watu, mbele ya karatasi iliyoandikwa lugha asiyoijua.

Hatusemi kwamba dereva hana wajibu. Kubonyeza kitufe ni kazi yake, kama vile kukagua breki na matairi. Tunachosema ni kwamba makosa si ya aina moja. Yako ya uzembe wa makusudi. Yako ya uchovu uliotokana na ratiba mbaya. Yako ya akaunti isiyojazwa ofisini. Yako ya chombo kibovu. Anayeyaweka yote katika kapu moja na kuandika "makato ya dereva" hatendi haki.

5. JE, MAMBO HAYA YAKO MBALI NASI?

Hapana, yamekwisha kufika. Nchini Uganda barabara ya Kampala hadi Entebbe ilianza kutozwa ushuru Januari 2022. Nchini Kenya barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari Mei 2022, na mwenye gari aweza kulipa kwa fedha taslimu, kwa kadi, au kwa chombo cha kubandika kiooni. Chai, kahawa na saruji yetu hupita mipaka kwa malori. Kadiri barabara za kulipia zinavyoongezeka, ndivyo madereva wetu watakavyokutana na visanduku vya nchi za watu.

Afrika ya Kusini imetangulia katika jambo hili. Katika jimbo la Gauteng, penye miji ya Johannesburg na Pretoria, ushuru wa mihimili ulianza tarehe 3 Desemba 2013. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilikuwa limeupinga mapema, na tarehe 7 Machi 2012 lilifanya mgomo wa nchi nzima juu ya ushuru huo na juu ya mawakala wa kukodisha wafanyakazi. Wenye magari wengi walikataa kulipa. Aprili 2024 ushuru huo wa Gauteng ulikomeshwa. Mitambo ilikuwa ikihesabu vizuri, lakini swali la nani alipe liliamuliwa na watu.

6. CHAMA KIFANYE NINI?

Msingi tunao. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, juu ya ulinzi wa mishahara, wasema kwamba mshahara hukatwa tu kwa masharti na kwa kadiri iliyowekwa na sheria za nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali ya mwajiri iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Neno la kushika hapo ni "makusudi".

Kwa hiyo katika majadiliano ya mkataba, halmashauri ya tawi idai mambo haya yaandikwe:

Kwanza, kisanduku, ada yake na ushuru wote ni gharama ya mwajiri, wala havitolewi katika posho ya safari ya dereva.

Pili, dereva afundishwe milio na vitufe kabla ya safari, kwa lugha anayoielewa, na alipwe kwa muda huo.

Tatu, faini iliyotokana na akaunti tupu, chombo kibovu au amri ya msimamizi ilipwe na mwajiri moja kwa moja.

Nne, kusiwe na makato kabla dereva hajasikilizwa mbele ya mwakilishi wa chama.

Naye dereva ajilinde kwa kalamu. Aandike katika daftari saa aliyoondoka, idadi ya ekseli aliyoweka, mahali milio ilipobadilika, na jina la aliyempa amri. Risiti zote azitunze, asiziache ndani ya lori. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa kabla ya kupiga simu ofisini, na simu hiyo nayo aiandike.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Ni mashine gani mahali petu pa kazi inayohesabu kazi yetu? Nani anaikagua, na mara ngapi kwa mwaka?

2. Katika miezi sita iliyopita, nani amekatwa mshahara kwa kosa la mashine? Alisikilizwa kwanza?

3. Mkataba wetu wa sasa unasema nini juu ya hasara na makato? Katibu ausome kwa sauti.

4. Madereva wanaobeba mazao yetu ni wanachama? Kama sivyo, nani atakwenda kuzungumza nao?

Ndugu, mchumaji aliye mbele ya mizani na dereva aliye chini ya mhimili wana shauri moja. Chombo ni cha mwajiri, hesabu ni ya mwajiri, basi na kasoro ya chombo iwe ya mwajiri. Tusimame pamoja katika hilo.

UMOJA NI NGUVU.