Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu kwa Mfano wa Sauti Inayokatika Katika Kompyuta ya Kurekodia Muziki

Wako wanachuo wengi wanaorekodi muziki nyumbani kwa kompyuta ndogo, kadi ya sauti ya nje na maikrofoni moja. Malalamiko yao aghalabu ni mamoja: wimbo unakwenda vizuri, kisha sauti inakatika kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho, ama unasikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Kijana anayejirekodi mwenyewe anaweza kurudia. Lakini mzee mpiga zeze aliyekubali kurekodiwa alasiri moja tu hawezi kuombwa arudie kila mara, na pengo lililoingia katika rekodi ya namna hiyo halizibiki, kwa kuwa sauti ya kitambo hicho haikuandikwa popote. Kwa sababu hiyo nalihesabu tatizo hili kuwa somo kamili la utafutaji wa hitilafu, wala si jambo la kumwachia fundi. Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha kwa vipindi viwili vya dakika 80.

Wanachuo huingia darasani na jibu tayari: kompyuta haina nguvu, inunuliwe nyingine. Mwalimu asiwakatalie kwa maneno, awape hesabu. Kompyuta huipima sauti mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Ikiwa kila sampuli ina biti 24, na chaneli ni mbili, basi katika sekunde moja zinapita biti 2,304,000. Waya wa USB 2.0 umetengenezwa kwa mwendo wa biti 480,000,000 kwa sekunde. Wanachuo wakigawanya wenyewe wataona kwamba muziki hautumii hata nusu ya asilimia moja ya mwendo huo. Njia ni pana mno. Ni kitu gani basi kinachokatika?

Hapa ndipo mchezo wa punje unapohitajika. Wanachuo watatu huitwa mbele. Wa kwanza ni mwimbaji. Kwa kila hesabu anatia punje moja ya mahindi katika bakuli. Wa pili, mchukuzi, anasubiri punje zitimie nne, kisha anazipeleka kwa wa tatu, mpiga ngoma, ambaye hutumia punje moja kwa kila pigo. Ngoma haina ruhusa ya kusimama. Mwendo ukiisha kushika, mwalimu anamwita mchukuzi mlangoni na kumchelewesha huko kwa muda wa mapigo sita. Mpiga ngoma anaishiwa punje, mkono unabaki hewani, na darasa zima linausikia ukimya. Mwalimu aulize: je, mchukuzi alikuwa mdhaifu? Punje zilikuwa nzito? La. Nguvu zake alikuwa nazo zote, ila alichelewa.

Mchezo urudiwe kwa bakuli la punje kumi na sita. Sasa mchukuzi anaitwa mlangoni, anakawia vilevile, na ngoma haisimami. Lakini mwanachuo makini atatambua kwamba punje aliyoitia mwimbaji sasa inapigwa baada ya muda mrefu zaidi. Bakuli hilo ndilo bafa. Bafa ya sampuli 128 inabeba sauti ya milisekunde 2.7 tu, ya sampuli 256, milisekunde 5.3, ya sampuli 1,024, milisekunde 21.3. Bafa ndogo haivumilii kuchelewa. Bafa kubwa huvumilia, lakini inamfanya mwimbaji ajisikie kwa nyuma. Kiasi cha kuchelewa huko kinaweza kufundishwa uwanjani bila kifaa chochote. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 21 ni sawa na kumsikiliza mpiga makofi aliyesimama mita saba hivi kutoka kwako. Tena sauti hupita katika bafa ikiingia na ikitoka, hivyo umbali huo hauna budi kuzidishwa mara mbili. Waimbaji wa kwaya huielewa hoja hii upesi kuliko wanachuo wa hisabati.

Baada ya hapo darasa linakwenda kwenye kompyuta, lakini mikono ibaki nyuma kwanza. Kazi ya awali ni kusikiliza. Rekodi yenye mlio ichezwe mara mbili. Mlio ukitokea mahali palepale mara zote mbili, umo ndani ya rekodi. Ukihama, rekodi ni salama na tatizo limo katika uchezaji. Hapo hakuna haja ya kumrudisha mwimbaji. Jaribio hili dogo halihitaji chombo wala fedha, nami naliona kuwa na thamani kuliko ushauri mwingi wanaopeana wanachuo. Kisha mchoro wa sauti ukuzwe machoni. Sauti iliyokatika huonyesha mstari mtupu, au mruko wa ghafula. Vilele vilivyokatwa bapa ni ugonjwa mwingine kabisa: maikrofoni imefunguliwa mno, na bafa haihusiki.

Sasa utafutaji wenyewe. Kila mwanachuo aandike daftarini anachoshuku, sababu ya kushuku, na anachotarajia kukisikia akibadilisha jambo hilo. Abadilishe jambo moja tu. Lisiposaidia, alirudishe lilivyokuwa kabla ya kujaribu jingine. Wanachuo hulalamika kwamba utaratibu huu unachosha, na ni kweli unachosha. Lakini aliyebadilisha mambo matano kwa pamoja na kupona hajui ni dawa ipi iliyomponya, na wiki ijayo ataanza upya.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni muda wa jaribio. Ikiwa sauti hukatika mara moja katika kila dakika kumi hivi, kusikiliza kwa dakika mbili bila mlio hakuthibitishi lolote. Mara nyingi dakika mbili zingepita salama hata kama hakuna kilichorekebishwa. Mwalimu adai jaribio lenye urefu wa angalau mara tatu ya kipindi cha kawaida cha hitilafu. Na hitilafu ikitoweka, irudishwe kwa makusudi. Isiporejea, mshukiwa hajapatikana.

Mfano ninaoupendelea ni huu. Kompyuta yenye Windows imewekewa bafa ya sampuli 128, na Wi-Fi imewashwa. Sauti inakatika, lakini kipimo cha kazi ya prosesa kinaonyesha asilimia 15 tu, na wanachuo wanachanganyikiwa. Wakiizima Wi-Fi, sauti inatulia. Wakiiwasha, mlio unarejea. Kwa nini? Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta kina programu endeshi yake, na baadhi yake huishika prosesa kwa kitambo bila kuiachia. Tuseme imeshikwa kwa milisekunde 4. Katika sekunde nzima hiyo ni asilimia 0.4, kiasi ambacho kipimo cha wastani hakiwezi kukionyesha. Kwa bafa ya milisekunde 2.7 ni msiba. Huyo ndiye mchukuzi aliyeitwa mlangoni. Ipo programu iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni programu endeshi ipi inayochelewesha, lakini isitolewe kabla wanachuo hawajatafuta kwa masikio na daftari.

Washukiwa wengine wapitiwe kwa haraka: mpango wa kubana umeme unaopunguza mwendo wa prosesa, joto linalofanya vivyo hivyo baada ya nusu saa ya kazi, kigawanyi cha USB kilichojazwa vifaa vingi, programu ya kuzuia virusi inayoanza ukaguzi katikati ya wimbo. Anayerekodi kwa kifaa kimoja na kusikiliza kwa kingine ana tatizo la namna yake, kwa sababu kila kifaa kina saa yake na saa mbili haziendi sawasawa daima. Milio yake hujirudia kwa vipindi vinavyokaribiana, na dawa yake ni kutumia kifaa kimoja kwa kazi zote mbili.

Kwa kazi ya mzee wa zeze, kadi nyingi za sauti zina swichi ya kumwezesha mpigaji ajisikie moja kwa moja kutoka maikrofoni bila kupitia kompyuta. Swichi hiyo ikitumika, kuchelewa hakumsumbui tena, nasi tunaweza kuweka bafa ya sampuli 1,024, kuzima Wi-Fi na kurekodi jaribio la nusu saa kabla mzee hajafika.

Katika upimaji, kila wanachuo wawili hupewa kompyuta moja iliyotiwa hitilafu na mwalimu. Natoa alama 14 kati ya 20 kwa daftari, na 6 kwa kuponya hitilafu. Wawili wasioponya, lakini walioondoa washukiwa wanne kwa ushahidi, huwashinda walioponya kwa kubahatisha.