Jinamizi na Wanaolifanyia Biashara

Katika darsa zetu twaulizwa mara kwa mara juu ya jinamizi. Mtu yu katika kushikwa na usingizi, au ndiyo kwanza azinduka, akajiona hawezi kuinua hata kidole. Kifuani pana uzito kama wa mtu aliyemkalia. Ataka kupiga kelele na sauti haitoki. Kukicha, wengi wetu hukimbilia kwa mganga. Huko hupigiwa ramli, akaambiwa ana jini atakaye kupungwa, na karo ya watoto ikaishia kwenye ubani, kuku na hirizi.

Sisi hatukanushi kuwako kwa majini. Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao. Tunalokanusha ni kumtwika jini kila jambo tusilolijua sababu yake. Tabibu Al-Akhawayni wa Bukhara, Mwislamu wa karne ya 10, alilieleza jinamizi katika kitabu chake cha tiba, akasema latokana na mvuke upandao kutoka tumboni hadi ubongoni. Katika mvuke hakupata, lakini alitafuta sababu mwilini. Hakutafuta kuku mweusi.

Wataalamu wa leo wamejua zaidi. Katika usingizi wa ndoto, ubongo huilegeza misuli ya mwili, isipokuwa ya macho na ile ya kupumulia, mtu asije akainuka akatenda aotayo. Pengine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa; hapo mtu yu macho na ndoto ingalipo. Huwapata zaidi waliokosa usingizi, na walalao chali.

Na hasara ya kutojua hili si fedha tu. Mwaka 1995, Pemba na Unguja zilipoingiwa na hofu ya Popobawa, watu walihama vyumba vyao wakalala nje makundi kwa makundi. Na Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Nani atajibu kwa damu ile?

Basi aliyepatwa asishindane nalo. Na ajaribu kutikisa kidole kimoja, huku akimtaja Mola wake moyoni. Litamwacha baada ya muda mfupi. Alale mapema, kwa udhu, kwa ubavu wa kulia kama alivyofundisha Mtume (S.A.W.), na asome Ayatul Kursiyyu. (Hatusemi kuwa Sunna hiyo iliwekwa kwa ajili ya misuli, twasema tu kwamba aishikaye halali chali.) Ama yule ambaye jinamizi humrudia kila mara, na mchana usingizi humwangusha ghafula kazini, huyo aende hospitali.