Magurudumu ya Mtumba: Kuyapaka Rangi na Kuyavika Matairi Makubwa

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo juu ya msuguano, kwa kuwa Kidato cha Tatu walishindwa nalo katika mtihani uliopita. Nimekubali, ila sitaandika habari za kipande cha mti kinachoteremka juu ya ubao. Nitaandika habari za pikapu yangu, ambayo nyote mwaijua, na jambo lililotupata siku ya kufunga shule. Wazazi wa wanafunzi wawili watakuta hapa maneno niliyokwisha kuwaambia kwa mdomo. Nayarudia ili yawafae na wengine.

Nchi yetu hii haikuzoea magurudumu tangu zamani. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyamwezi na kupumzika Tabora, na kila kitu kilichukuliwa kichwani na begani. Mwaka 1877 wamisionari kutoka London walijaribu kupeleka mizigo yao Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa njiani kwa ajili ya mbung'o, nao wakarudia wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo lami ipo, lakini mtu akiiacha lami wakati wa mvua na kuingia mbugani, atajua kwa nini nilitamani matairi makubwa.

Nilinunua Tabora mjini rimu nne za mtumba, zenye kutu, pamoja na matairi. Matairi ya zamani yalikuwa yameandikwa ubavuni 225/70R15, na haya mapya 235/75R15. Chukueni kalamu. Upana wa tairi la kwanza ni milimita 225. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 157.5. Rimu ni inchi 15, yaani milimita 381. Ubavu uko juu na uko chini pia, basi jumla ni 381 na 315, yaani milimita 696 toka ardhini hadi juu ya tairi. Fanyeni vivyo hivyo kwa la pili, mtapata 733.5. Tofauti ni milimita 37.5. Lakini gari hukaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo huinuka nusu tu ya tofauti hiyo, milimita 19 hivi. Fedha zote zile nilizitoa kwa ajili ya upana wa kidole gumba! Hesabu hii niliifanya baada ya kununua.

Kuna na la pili. Saa ya mwendo huhesabu mizunguko ya magurudumu, haijui kama tairi limebadilishwa. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hapa karibu asilimia 5.4. Saa ikihesabu 50, gari linakwenda karibu 53, na penye vijiji ambapo mwisho ni 50, askari mwenye tochi hatasikiliza somo la Fizikia. Tena, kabla ya kusafiri, pakieni mzigo, kisha zungusheni usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Tairi likigusa madigadi au chuma chochote, halifai gari hilo. Langu halikugusa.

Sasa rangi. Kwanza rimu huoshwa kwa sabuni na kutolewa grisi yote kwa mafuta ya taa, kisha huoshwa tena, maana rangi haishiki penye mafuta. Kutu huondolewa kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Hapo ndipo mtu atazame kwa makini, kwa kuwa chuma kiko wazi: ufa kando ya mashimo ya bolti, au shimo lililokuwa la duara likawa kama yai, ni sababu ya kuitupa rimu. Asiseme atampa fundi aichomelee. Na kuchomelea rimu yenye tairi ni hatari kubwa. Upepo na mvuke uliomo hupata moto, na tairi hupasuka kama bomu. Rimu ikiwa safi hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba, kila moja ikaachwa ikauke kabisa.

Vijana watatu walinisaidia, na kazi ilipendeza. Tulipaka rangi ya fedha kila mahali, ndani na nje, na hata ndani ya mashimo. Nilijisifu kwamba sikuacha hata upenyo wa kutu. Kosa lilikuwa hilo hilo.

Wengi hudhani gurudumu hutundikwa juu ya bolti kama shati juu ya msumari. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta bolti, nayo bolti hunyooka kidogo sana kama mpira wa manati, ikitaka kurudi. Mvuto huo huibana rimu juu ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, na msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaozuia rimu isiteleze. Bolti hunyooka kiasi gani? Pungufu ya unene wa karatasi ya daftari. Na rangi yangu, tabaka tatu, ilikuwa na unene kama huo. Basi breki zilipopata moto na barabara ikatikisa, rangi ililainika, ikasagika, ikatoka. Bolti zikapata nafasi ya kurudi, na mvuto ukaisha. Nati hazikuhitaji tena ila kuzunguka.

Siku ya kufunga shule nilikuwa nawapeleka wanafunzi wawili Tabora kupanda gari la moshi la Kigoma (twaliita hivyo bado, ingawa moshi wa makaa ulikwisha zamani). Masanduku yao yalikuwa nyuma, wao wako mbele nami. Hatujafika nusu ya njia, usukani ukaanza kutetemeka mkononi. Nilidhani ni barabara. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, kuna kitu kinagonga." Nikamjibu kwamba ni sanduku lake. Akasema tena, "Linagonga mbele, Mwalimu." Nikasimama.

Katika gurudumu la mbele la kushoto palikuwa na nati nne, na zilipaswa kuwa sita. Hizo nne nilizizungusha kwa vidole. Mashimo ya rimu yalikwisha kulika. Lori lilitupita kwa kasi wakati nimechuchumaa pale, na upepo wake ukanitikisa; nikawatazama wale watoto, nikashindwa kusema neno. Tulifunga gurudumu la akiba, la zamani lisilo na rangi mpya, kwa nati mbili nilizoazima moja moja katika magurudumu ya nyuma. Watoto niliwaombea nafasi katika gari jingine, wakaliwahi gari la moshi. Mimi nilirudi polepole nikisimama kila baada ya kilomita chache kushika nati.

Nilipofungua tatu zilizobaki, nilikwangua rangi yote mahali rimu inapokutana na habu, na katika vikombe vya mashimo zinamokaa nati. Afadhali kuzuia tangu mwanzo: kata boksi la duara lifunike sehemu ya kati, na juu ya kila shimo weka gololi ya mtoto, kisha ndipo upulize.

Kukaza nako kuna kipimo. Kitabu cha gari langu chataka kama nyutoni-mita 110. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 210 hivi. Ikining'inizwa mwishoni mwa spana ya nusu mita iliyolala sawa, yatoa 105. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo hutoa karibu 340, na bolti huchoka kabla ya safari. Kaza nati kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, na baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena. Jambo hili la mwisho peke yake lingalituokoa hata na rangi ile.

Rimu iliyoharibika sikuiuza, maana mtu angeipaka rangi. Ndiyo hiyo inayoning'inia katika mwembe karibu na ofisi, mnayoisikia ikigongwa kila asubuhi. Kidato cha Tatu wanaweza kwenda kupima mashimo yake kwa rula. La chini kushoto ndilo lililoliwa zaidi.